Daftari la Waimbaji wa Kogatende

Mto Mara haujui mipaka. Huzaliwa katika misitu ya Mau, nchi ya Kenya, hukata mbuga za Wamaasai, huingia Serengeti pande za Kogatende bila kubisha hodi, hupita chini ya Tarime ukiwaacha Wakurya upande huu na upande ule, hata ufike kwenye matete ya kinamasi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyanza karibu na Musoma, safari ya kilomita zinazokaribia 400. Na katika njia hiyo yote hakuna kiumbe aliyepata kuusimamisha akauuliza kwao ni wapi. Nayataja haya mwanzo kwa sababu kisa hiki kilitokea ukingoni mwake, na wakubwa wa kisa walikuwa wakiyanywa maji yake asubuhi na jioni huku wakihojiana nani mgeni na nani mwenyeji.

Zamani hizo waimbaji wa mbuga walikuwa wengi na daftari halikuwapo. Mwenye sauti aliimba, mwenye masikio alisikiliza, na wimbo ukipendwa ulitembea wenyewe toka Ndutu kwenye nyasi fupi, ukapita Seronera, ukavuka Grumeti, hata ukawakuta wachunga ng'ombe wa Nyamwaga wakiupiga kwa litungu la nyuzi nane. Litungu lenyewe likipigwa Sirari usiku wa harusi husikika Isebania, ng'ambo ya mstari ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mezani mwaka 1886, uliopita Kilimanjaro ukaja kugota Ziwa Nyanza kwenye digrii 1 kusini mwa ikweta. Nami sijapata kusikia kwamba sauti ile imewahi kutozwa ushuru pale mpakani.

Mambo yaliharibika siku Kiboko aliposikia kwamba milki nyingine zina madaftari. Kiboko huyu alikuwa mzee wa heshima, mpana wa mwili na wa maneno, ambaye tangu kuzaliwa hakuna aliyemwona akitoka katika dimbwi lake la Kogatende mchana wa jua, na kwa sababu hiyo alihesabiwa mzalendo kuliko wote. Akaitisha mkutano, akasema kwamba nchi isiyo na daftari la waimbaji wake imekaa uchi, kwamba wageni wakija wakauliza waimbaji wenu ni nani wenyeji watabaki kutumbua macho, na kwamba ni fedheha nyimbo kuzagaa ovyo bila muhuri. Wanyama wakashangilia, maana muhuri ni kitu kizito hata kwa asiyejua kuusoma, na siku hiyohiyo likaundwa Baraza la Nyimbo za Mbuga, Kiboko mwenyekiti, Kobe katibu, na Nyani, Tumbusi na Mamba wajumbe. Ndege waimbao hawakupewa kiti. Ilielezwa kuwa hao ni wahusika, na mhusika hawezi kuwa hakimu wa shauri lake.

Kobe alichaguliwa kwa sifa ya gamba, ambalo juu yake daftari lilifungwa kwa kamba ya mkonge. Wajumbe walisema kiumbe asiyekurupuka ndiye afaaye kutunza kumbukumbu, nao walisema kweli, kwa kuwa hakukurupuka hata mara moja, na jina likishapitishwa lilichukua misimu saba kuufikia ukurasa, kiasi kwamba waimbaji wengi waliandikishwa wakiwa mifupa. Tumbusi hakuona kasoro yoyote katika utaratibu huo. Ndiye aliyependekeza kanuni ya kwanza, kwamba mwimbaji asipokelewe kikamilifu mpaka afe, 'kwa kuwa aliye hai,' alisema akikunja shingo yake isiyo na manyoya, 'kesho anaweza kuimba jambo tusilolipenda. Marehemu ametulia, barabara inaweza kupewa jina lake, na hadai mrabaha.' Hoja ya mrabaha ndiyo iliyomaliza ubishi.

Kanuni ya pili ilikuwa ya Nyani: mwimbaji wa mbuga ni yule tu aimbaye kwa lugha ya mbuga. Kanuni ina busara yake, na mimi msimulizi ningaliiunga mkono kama Nyani asingaliitetea kwa hotuba ambayo nusu yake ilikuwa lugha ya korongo; maana Nyani alisomea kaskazini, akajifunza huko kugonganisha taya kila anapotaka kuonekana ana hoja, na watoto wake wote aliwapeleka shule ya ng'ambo, ambako kinda akikutwa anasema lugha ya nyumbani huvishwa kigogo shingoni mpaka jua litue. Wahenga walikwisha kumsema Nyani na kundule, sina haja ya kuwarudia.

Ya tatu ilitoka kwa Mamba, mlinzi wa kivuko: mnyama mmoja, mto mmoja. Anywaye maji ya ng'ambo ameyatema ya nyumbani, na jina lake lifutwe siku hiyohiyo. Mamba mwenyewe hakuwa na upande katika jambo hili, kwake aendaye na arudiye ni nyama ileile. Ila alipenda sheria yoyote inayowafanya viumbe wasite ukingoni.

Sasa, kusini mwa milki ile, mbali na Kogatende, yapo majabali yaliyochomoza katikati ya nyasi, ambayo kwa aliyesimama mbali huonekana visiwa katika bahari. Katika kisiwa kimoja chenye mkuyu mkubwa na upepo wenye harufu ya viungo aliishi kinda wa Kurumbiza. Mwezi wa kwanza wa mwaka mmoja moto uliwaka jabalini. Moto ule una wasimulizi wake, na walionusurika hawakubaliani hata leo ni nani aliyeuwasha na ni nani aliyestahili kuungua. Lililo wazi ni kwamba viota vingi viliteketea, matawi fulani yakawa mabaya kuzaliwa juu yake, na miaka michache baadaye Kurumbiza, manyoya yake ya dhahabu hayajakamilika, aliondoka na ndugu yake kuelekea kaskazini. Huko kwenye baridi alifanya kazi za chini katika hospitali ya korongo, akasoma, akaja kuwa mwalimu wa watoto wao. Na akaanza kuimba. Aliimba kwa lugha ya korongo, ndiyo iliyomzunguka, lakini alichokiimba kilikuwa jabali lile, mkuyu ule, wazee waliokaa barazani jioni, wageni waliokuja na pepo za msimu, na soni ya aliyeondoka. Nyimbo kumi ndefu, kwa muda uliozidi miaka thelathini. Nyumbani hazikusikika. Hakuna aliyezipiga marufuku, maana kupiga marufuku nako kunataka mtu awe amesikia.

Habari zake zililetwa na Korongo mweupe, ambaye kila mwaka majani ya kaskazini yakianza kupukutika huja Serengeti kufuata panzi. Korongo ana hati ya safari ambayo hakuna ofisi iwezayo kuikana. Mwaka 1822 mmoja wa babu zake aliuawa karibu na Klütz, Ujerumani, akakutwa na mkuki wa Kiafrika umempenya shingoni, na ndipo watu wa huko, ambao baadhi yao waliamini kwamba ndege wa namna ile hujificha matopeni wakati wa baridi, walipopata ushahidi kwamba sehemu ya maisha yake yumo Afrika. Wakamkausha wakamweka katika Chuo Kikuu cha Rostock, na huko yuko hadi leo, akihesabiwa korongo wa Kijerumani. Kinachohesabiwa kigeni ni mkuki.

Basi Korongo alitua Kogatende mwezi wa kumi, akasimama kwa mguu mmoja mbele ya Baraza, akasema: 'Wafalme wa nchi ya barafu, ambao kila mwaka humtunuku mwimbaji mmoja wa dunia unyoya wa dhahabu, safari hii wamemtunuku mwana wenu.'

'Mwana wetu yupi?' akauliza Kiboko.

'Kurumbiza wa majabalini.'

Kobe akafunua daftari, akatafuta kwa herufi, akatafuta kwa vitongoji, akatafuta katika orodha ya walioomba wakakataliwa, hakumwona. Kabla hajafika ukurasa wa pili, salamu za pongezi zilikwisha kutoka katika pango la Simba, na mbuga nzima ikavuma. Waliokuwa hawalijui jina lake asubuhi walikuwa wakilia adhuhuri kwamba wameibiwa ndege wao. Wengine wakasema huyo si wetu, alituacha wakati wa dhiki akaenda kunona kwa wenzetu. Fisi akatangaza kwamba yeye na Kurumbiza walicheza pamoja utotoni, jambo lililowashangaza waliokumbuka fisi huwa anacheza nini na makinda. Na wale waliokichoma kiota chake walijitokeza mbele kabisa, wakajieleza kuwa majirani zake wa zamani.

Kiboko akaona hapa pana shauri. Akaitisha kikao rasmi chenye ajenda moja: Je, Kurumbiza ni wa mbuga? Kikao kile, kwa faida ya wasiojua namna mabaraza yanavyokwenda, kilianza mwezi wa kumi na kilikuwa bado hakijamaliza kuthibitisha akidi ilipofika Krismasi. Kila siku ya kikao mjumbe alipewa posho ya majani mabichi, Mamba akapewa ya samaki, na ukame wa mwaka ule ulipobana ikaonekana kuwa si busara kuharakisha jambo linalogusa heshima ya taifa.

Nyani alikuwa wa kwanza kusimama. Akasema Kurumbiza ameimba kwa lugha ya korongo, kwa hiyo kanuni ya pili imemtoa, na kama anautaka uenyeji aanze upya kwa lugha ya mbuga, wimbo wa kwanza uwe mfupi, wa kusifu. Korongo akaomba nafasi.

'Mimi hupita juu ya nchi nyingi,' akasema, 'na mambo ya wanadamu huyaona toka angani, yalivyo. Mwezi wa sita mwaka 1962, katika chuo cha Makerere mjini Kampala, waliitwa waandishi wa Afrika waje wazungumze juu ya fasihi ya Afrika. Sharti la mlangoni lilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Wakaja wa Nigeria, wakaja wa Afrika Kusini, akaingia na mwanafunzi mmoja wa palepale chuoni, mwana wa Kenya, kwa tikiti ya hadithi fupi chache. Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa amekwisha kuandika Kusadikika na Adili na Nduguze na mashairi yaliyokuwa yakikaririwa na watoto wa shule, hakuitwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Na mwezi huohuo akafariki dunia. Kule alifungiwa mlango asiyeandika kwa lugha ya mbali. Hapa anafungiwa aliyeiandika. Nauliza tu, waheshimiwa, bawabu ni yuleyule?'

'Mheshimiwa Mwenyekiti,' akasema Nyani, 'shahidi kazi yake ni kujibu, si kuuliza.' Na swali likafutwa.

Akatokea Mnandi, ndege wa ziwani, bado maji yanamchuruzika. Akasema kwamba hata lugha ya mbuga ina kizingiti chake, na walio chini ya kizingiti wanakijua. Ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kitabu kirefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana wakakaa muda mrefu bila kupata mtoto, na ndani yake akatia kila alichojua cha kisiwa, dawa zake, pombe zake, ndoa na matanga. Hakupata wa kukichapa kwa lugha ile. Mwenyewe akaketi akakihamishia kwenye Kiswahili, akasubiri tena, na Tanzania Publishing House ilipokitoa, miaka ipatayo thelathini na mitano ilikuwa imepita. Mzee akafa mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. 'Na kisiwa hichohicho,' akaendelea Mnandi, 'kilimzaa Euphrase Kezilahabi, ambaye mwaka 1974 alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, wakubwa wa ushairi wakasema hayo si mashairi, na mwenye kusema hivyo alikuwa na hakika. Baadaye akaenda kufundisha Botswana miaka mingi. Hakuna aliyemwuliza Botswana alifuata nini, wala aliyefikiri kumfuta.'

Nilidhani Baraza lingeinamisha vichwa. Lakini Tumbusi aliandika kitu kwenye mchanga kwa kucha yake, akasema kwamba kwa upande wake wawili hao hawana tatizo lolote, wamekidhi kanuni ya kwanza. Na Kobe akataka kujua kama huyo wa kwanza, kabla ya kufariki, aliwahi kujaza fomu.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, mvua za masika zikaja zikapita, hata ikafika siku ya mwezi wa nane ambayo Mamba alipewa nafasi ya kueleza kanuni ya tatu. Akaieleza vizuri. Kurumbiza amekunywa maji ya mto wa kaskazini, ana karatasi za kule, na karatasi mbili katika mdomo mmoja ni dharau kwa mito yote miwili. Wajumbe walikuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali, na Kiboko ameinua kinywa atoe uamuzi, ardhi ikaanza kutetemeka.

Walikuwa nyumbu. Hawa huzaliwa nyasi za Ndutu mnamo mwezi wa pili, hufuata mvua magharibi hadi Grumeti, hupanda kaskazini, na ukifika mwezi wa saba na wa nane huuvuka Mara kwenda kwenye majani ya Kenya, wakarudi vuli inapoanza. Ni zaidi ya milioni moja, na pundamilia wapatao laki mbili hufuatana nao. Hawakuwa na habari ya kikao. Mmoja alijitupa majini, wa pili akamfuata, kisha hapakuwa tena na wa pili wala wa tatu, ni vumbi na kwato na mlio mmoja, wakapita katikati ya Baraza, Nyani akapanda mti, Tumbusi akapaa, posho ya siku ile ikakanyagwa. Kobe aliingia gambani. Lakini kanuni ni kanuni, na katibu ni katibu. Akiwa humohumo ndani alianza kuwafuta wavukao, na alipoona kwato zinamzidi kasi akaamua, ili kurahisisha kazi, kuwafuta wote kwa mkupuo. Ilipofika adhuhuri milki ilikuwa imepoteza raia zaidi ya milioni moja, na kwa mujibu wa daftari mbuga ya Serengeti ilikuwa imebaki mikononi mwa twiga, digidigi na wajumbe wa Baraza.

Jioni ile pango la Simba lilitoa sauti, si ya pongezi. Simba alitaka kujua atakula nini. Na Ngiri, ambaye huishi kwa kuwaelekeza njia wageni wa magari, akalia kwamba wageni hawavuki bahari kuja kutazama digidigi. Kikao cha dharura kikaitishwa usiku uleule, posho maradufu, na hoja iliyokaliwa tangu mwezi wa kumi ikapata dawa kabla ya jogoo: kanuni ya tatu haitawahusu viumbe wenye tija. Nyumbu wakarudishiwa uraia bila kujua kwamba walikuwa wameupoteza. Mamba hakupinga, alikuwa ameshiba.

Palikuwa na nyumbu jike mzee aliyebaki upande wa kusini kwa sababu ya kuchechemea. Alisikiliza yote, akasogea ukingoni.

'Shikamoo, Mzee Kiboko.'

'Marahaba, mama.'

'Mimi mtu wa majani, madaftari siyajui. Nina maswali mawili, nisamehewe. Miaka yote niliyovuka, kila alfajiri nilizikuta nyayo kwenye majani ya ng'ambo. Nyayo pana, za vidole vinne, zimetoka majini usiku zikarudi majini. Ni za nani, mzee wangu?'

Kiboko akashuka ndani ya maji taratibu, yakabaki masikio.

'La pili ni la nyote. Mwaka mzima mnambishania Kurumbiza. Nani kati yenu amewahi kuusikia wimbo wake mmoja, mwanzo hadi mwisho?'

Nyani akasema amesoma muhtasari uliotayarishwa na wataalamu. Tumbusi akasema yeye husubiri. Mamba akasema kusikiliza hakumo katika majukumu ya mlinzi wa kivuko. Kobe akasema katibu haegemei upande, na kusikia ni kuegemea.

Hapo juu ya mgunga alikuwapo Shorewanda, ndege jike mdogo wa huku huku, ambaye lugha ya korongo anaijua na ya mbuga ndiyo aliyonyonyeshwa. Hakuomba nafasi, maana angepewa mwakani. Akauimba wimbo wa Kurumbiza kwa lugha ya mbuga, ule wa kinda aliyetolewa rehani na baba yake kwa deni la tajiri, akafuata msafara wa bidhaa kwenda bara, akaona wakubwa wa pwani na wa bara wakidanganyana, na mwishoni wenye bunduki toka ng'ambo ya bahari wakaja kuwameza wote. Wimbo huo ulikuwa umeimbwa kaskazini miaka ishirini na minane iliyopita. Kogatende ndiyo kwanza unasikika. Pimbi wa majabalini akaruka akasema huyo tajiri namjua, babu yetu alimsimulia. Swala akataka kujua yule kinda aliishia wapi. Fisi akaudhika, akidai kwamba aliyesemwa ubeti wa nne ni yeye. Digidigi wakasema rudia pale penye bustani. Hata wasioupenda waliukataa kwa sababu zake, huyu akisema ni mrefu, yule akisema msimulizi kawaonea wa bara, na ubishi wao ule ulikuwa na maana kuliko yote yaliyonenwa na Baraza tangu mwezi wa kumi. Nami naamini Kurumbiza angeufurahia kuliko unyoya.

Baraza lilifanya lililozoea. Likaunda kamati ndogo kuchunguza kama wimbo uliosikika ni wa Kurumbiza, ni wa Shorewanda au ni wa korongo, na Shorewanda akaonywa kwa kuimba bila kibali. Kisha Korongo akapewa fomu ampelekee Kurumbiza, ijazwe kwa nakala tatu: jina la kitongoji na la mwenyekiti wake; sababu ya kuondoka, achague moja kati ya masomo, biashara na uroho; tarehe ya kurudi moja kwa moja; jina la mto atakaoukana. Majibu yalikuja na Korongo msimu uliofuata. Kurumbiza aliandika kwamba yeye hakuacha kamwe kuwa wa jabalini, na hilo hakulijua kuwa swali mpaka lilipoulizwa. Akaomba naye aulize, nyimbo zake zinapatikana mnadani Mugumu, na kwa bei gani mwenye shamba dogo akaweza kununua mmoja? Kobe akaandika pembeni: mwombaji hakujibu, ameuliza. Fomu ikarudishwa.

Wapiga litungu wa Tarime nao walijaribu bahati yao mwaka ule. Walitakiwa kuleta barua ya utambulisho toka kijiji kimoja tu, nao walikuwa na wajomba Sirari na mashemeji Isebania, na kila ofisi iliwaelekeza kwa mwenzake. Wakarudi nyumbani wakapiga harusini.

Uamuzi ulisomwa Kogatende mbele ya wageni waalikwa. Kurumbiza ni wa mbuga hii katika siku za sherehe, mapokezi na hotuba za ufunguzi. Siku nyingine shauri lake linaendelea kuchunguzwa, na atakapofariki Mjumbe Tumbusi atalishughulikia binafsi. Daftari kwa sasa lina kurasa mia nne. Lina safu ya jina, ya kitongoji, ya mto, ya lugha na ya muhuri. Safu ya nyimbo iliondolewa katika toleo la pili ili muhuri upate nafasi. Kobe yuko njiani kulipeleka Mugumu likaonyeshwe kwa wanafunzi. Ukipishana naye, msomaji wangu, usijisumbue kumwuliza nani yumo na nani hayumo. Mwombe akuimbie mstari mmoja tu wa yeyote kati yao, kisha umsubiri.